Mahindi Yaliyosimama Subukia: Kumuaga Dkt. Rodah Jemutai

Na Jackie Chesang, Maabara ya Malisho

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Dkt. Rodah Jemutai atarudisha funguo za maabara na kukamilisha miaka thelathini na minne ya utumishi katika Kituo cha Utafiti wa Mbegu na Malisho, Bahati. Aliingia mwaka 1991 akiwa msaidizi wa maabara, anatoka akiwa mtafiti mkuu wa malisho. Ameomba kusiwe na keki, kusiwe na hema, na hotuba iwe moja tu, fupi. Kamati ya ustawi imekubali mawili ya kwanza. La tatu limeniangukia mimi, nami nimeona heri niliandike kuliko kulisema, kwa sababu yaliyompata mama huyu hayatoshi katika hotuba fupi.

Alizaliwa Elburgon, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, ambako babake, Mzee Kiprugut, aliendesha msumeno mkubwa. Kuna kisa amekirudia mara nyingi wakati wa chai ya saa nne. Akiwa darasa la nne alimuuliza babake kwa nini mti mmoja hukatika kama ndizi na mwingine hula meno ya msumeno. Babake akamjibu, "Maliza uji uende shule." Basi akaenda shule, husema, na hakutoka huko mpaka alipopata jibu.

Jibu lilikuwa kwenye ukuta wa seli. Kwa wenzetu wa uhasibu na stoo ambao wamelisikia neno hilo miaka yote bila kuelezwa, nitalieleza kama yeye alivyowaeleza wanafunzi wa shule za hapa Bahati walipotutembelea. Alishika kikonyo cha sukuma wiki kila mkono, kimoja kichanga na kingine kikuukuu.

"Mmea hauna mifupa," aliwaambia. "Kinachousimamisha ni kuta za vyumba vidogo sana vinavyoitwa seli. Ndani ya ukuta kuna nyuzi za selulosi, hizo ni kama vyuma vya ujenzi. Kuna hemiselulosi inayozishikanisha hizo nyuzi. Kuna pektini, laini kama ute, inayouruhusu ukuta kunyooka mmea ukiwa bado mchanga. Halafu seli ikishafika kimo chake, huja lignini. Hiyo ndiyo saruji. Saruji ikishamwagwa, ukuta unakuwa imara, lakini haunyooki tena."

Kisha aliwapa vipande vyote viwili wavitafune. Kile kikuukuu walikitema wote, wengine kwenye viatu vyao. "Ng'ombe naye angependa kutema," akawaambia. "Ila yeye hana wa kumlalamikia."

Kutafuna kulikuwa sehemu ya kazi yake. Akipita kati ya mistari ya mahindi hukata pingili ya bua, akaimenya kwa meno na kuitafuna taratibu huku akitazama juu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Dereva mmoja mgeni alimwangalia asubuhi nzima, mwishowe akamsogelea kwa huruma. "Mathe, kuna shida ya chakula nyumbani?" Daktari akatema makapi kistaarabu. "Hapana, boss. Niko kazini."

Mwaka 2006 mumewe, Mwalimu Kipngetich, aliugua kwa muda mfupi akafariki. Binti yao wa pekee, Cheruto, alisomea uuguzi akapata kazi Australia. Tangu hapo Daktari ameishi peke yake katika nyumba ya kituo iliyo karibu na matangi ya maji, ile ya mwisho kabla ya ua. Mtandao haukufika vizuri kule, kwa hiyo Jumapili baada ya kanisa alikuja kwenye veranda ya maabara kumpigia Cheruto, ambaye kwake ilikuwa jioni na alikuwa ametoka zamu amechoka. Sisi tuliokuja kumwagilia miche tulisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Umekula nini?... Hapana, mimi niko sawa. Niko na kazi." Simu ikikatika alikaa pale kidogo, akiitazama, kisha alifungua maabara akaingia.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Katika bonde la Subukia mkulima hupanda mahindi kwa ajili ya watu na ng'ombe pamoja: punje ni za jikoni, mabua ni ya zizini. Lakini bua la kawaida likishakauka limejaa lignini. Ng'ombe hulitafuna, tumbo likajaa, na maziwa yasiongezeke. Daktari pamoja na Protas Wanyonyi, aliyekuwa msimamizi wetu wa mashamba, walitumia miaka mingi kuchagua mahindi yenye lignini kidogo, mpaka wakapata mbegu waliyoiita Laini. Waliotangulia hapa wanasema wawili hao walikuwa kama ndugu. Wanyonyi alipiga kelele, Daktari alinyamaza, na mwisho wa siku walikuwa wamekubaliana.

Laini ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011. Wa kwanza kuipanda alikuwa Wachuka, mjane wa Subukia ambaye kila mtu alimwita Mama Thuo, kwa jina la mwanawe. Alikuwa na ng'ombe wachache wa maziwa na sauti ya kusikika mpaka barabarani. Baada ya mavuno alipiga simu kituoni akitaka "yule daktari wa mabua".

"Wamemaliza yote," alisema. "Sasa wanalamba hata mchanga. Niletee mbegu ya shamba lote. Na majirani wanataka."

Majirani walipewa. Mwezi wa nane mwaka uliofuata, mahindi yakiwa yamebeba lakini punje bado ni maziwa, upepo mkali ulishuka kutoka upande wa juu wa bonde, na mvua ya mawe ikaufuata. Mahindi ya kawaida yaliinama yakainuka. Laini ilivunjika magotini, kwenye pingili za chini, shamba baada ya shamba, ikalala kifudifudi kwenye tope. Ile saruji iliyopunguzwa kwa ajili ya ng'ombe ndiyo iliyokuwa ikiushikilia mmea.

Kituo kiliandaa tamko kwamba hali ya hewa ilikuwa ya ajabu, isiyotarajiwa. Mkurugenzi wa wakati huo alimshauri Daktari akae mbali na Subukia mpaka hasira zipoe. Alienda kesho yake. Wanyonyi ndiye aliyeendesha gari, na ndiye aliyenisimulia.

Wakulima walikuwa wamekutana kanisani. Hapakuwa na aliyempa Daktari kiti, akasimama karibu na mlango. Mwanaume mmoja akasema, "Mlikuja kutujaribia sisi kama panya." Wengine wakapiga makofi. Kisha Mama Thuo akainuka, na safari hii hakupaza sauti.

"Daktari, ng'ombe wangu walikula vizuri mwaka jana. Mwaka huu watoto wale nini?"

Wanyonyi anasema alimwona Daktari akikunja lile tamko la kituo na kulitia kwenye mkoba.

"Sina jibu, Mama Thuo," akasema. "Nimeambiwa niwaambie ni upepo. Upepo huvuma kila mwaka. Kosa ni la mbegu, na mbegu ni yangu."

Baada ya mkutano alizunguka kwa miguu, shamba moja hadi jingine, kuangalia mahali mabua yalipovunjikia. Malango mengi hayakufunguliwa. Aliongea na wenye mashamba kupitia kwa ua, akaomba bua moja moja lililovunjika, na waliokubali walimrushia. Alirudi garini na furushi zima kifuani. Njia yote mpaka Bahati Wanyonyi hakuwasha redio.

Ukweli ule ulimgharimu. Wakulima walilipwa fidia kwa sababu yake, jambo ambalo si wengi hapa kituoni wanaolijua, lakini mradi ulifungwa. Laini iliondolewa sokoni. Watafiti wawili waliokuwa wakiandika naye waliomba majina yao yasiambatanishwe tena na kazi ile. Wanyonyi alihamishwa Kitale. Siku aliyoondoka, Daktari alimsaidia kupakia viti na vizimba vya kuku kwenye lori, akasimama barabarani mpaka lori likapotea nyuma ya miti, halafu akarudi kazini kwa sababu sampuli zilikuwa kwenye jiko la kukaushia.

Mimi niliajiriwa mwaka 2015. Nilimkuta Daktari kwenye kona ya maabara, karibu na dirisha linaloangalia matangi, akiwa na hadubini moja na rafu ya sampuli ambazo bajeti ya kituo haikuzitaja. Asubuhi alifanya kazi aliyopangiwa ya kupima nyasi. Alasiri alirudi kwenye yale mabua yaliyovunjika. Kantini alikaa kwenye meza ya pembeni. Hatukuwa tunamchukia, ilikuwa tu mazoea yaliyokuwapo nilipokuja, kwamba meza ile ni yake, na watu hupita na sahani zao wakimwamkia vizuri na kwenda kukaa kwingine. Nilipopangwa kumsaidia, siku ya kwanza aliniuliza kama nimekula, kisha akanionyesha jinsi ya kukata kipande cha bua chembamba mpaka mwanga upenye. Maongezi ya wiki ya kwanza yaliishia hapo.

Jaribio lake la kwanza la kurekebisha Laini lilikwenda upande mwingine kabisa. Alichagua mimea inayojaza lignini mapema na kwa wingi, ili bua liwe imara tangu mwanzo. Likawa imara kweli: hata ungelipiga teke lisingevunjika. Lakini msimu mzima mahindi yale hayakupita goti. Kuta zilikuwa zimeganda kabla seli hazijanyooka, na seli isiyonyooka haina namna ya kuurefusha mmea. Kabiru wa stoo alikuja kuchukua jembe, akasimama, akaliangalia shamba.

"Daktari, hii ni shamba ama ni nasari?"

Daktari alicheka. Alicheka mpaka akashika kiuno. Sote tuliokuwa shambani tuligeuka, kwa maana hakuna aliyekuwa amewahi kuisikia sauti ile. "Ni nasari, Kabiru," akasema akifuta macho. "Na hakuna atakayeenda darasa la kwanza." Kisha akaing'oa yote na kuanza upya.

Nakumbuka vizuri siku mambo yalipogeuka, ingawa hakukuwa na kelele. Tuna rangi tunayoitumia ambayo huigeuza lignini kuwa nyekundu chini ya hadubini. Daktari alikuwa amekata vipande vya uzao mmoja wa mahindi ambao mimi nilikuwa karibu kuutupa. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Jackie, njoo uone. Usiguse kitu."

Nilichoona kilikuwa pete. Ganda la nje la pingili ya chini lilikuwa jekundu sana, kuta zake nene na zimeshikana. Sehemu yote ya katikati ilikuwa nyeupe, karibu bila lignini.

"Tuliipunguza kila mahali," akasema. "Tukapunguza hata pale mmea unapoihitaji. Bua ni kama bomba, nguvu yake iko kwenye ganda. Mwachie mmea ganda lake na hizi pingili za chini. Umpe ng'ombe katikati."

Alipomaliza kusema hivyo aligeuka haraka kuelekea mlangoni, mdomo umeshafunguka, kama mtu anayetaka kumwita mwenzake aliye nje. Nje kulikuwa na matangi tu. Akageuka tena, akavaa miwani, akaniambia nikate vipande vingine.

Kuisafisha mbegu ile kulichukua misimu mingi. Ilipokuwa tayari kwa majaribio, tatizo likawa upepo: mashamba yetu ya Bahati yamezungushiwa miti, na mahindi yasiyopata upepo hayamwambii mtu kitu. Alihitaji Subukia. Aliandika kwa vyama vya wakulima, hakujibiwa. Alipiga simu, wakamwambia atapigiwa. Mwishowe, mwaka 2021, akasema tutaenda kwa Mama Thuo.

Tulimkuta kibarazani akichambua maharagwe. Alikuwa amezeeka, miguu imevimba, lakini sauti ilikuwa ile ile niliyosimuliwa.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Mama Thuo. Hujambo?"

"Mimi niko. Umekuja kuniangusha tena?"

"Nimekuja kuomba kipande cha shamba. Kidogo tu. Nina mahindi mengine."

Mama Thuo aliendelea kuchambua. Alitoa maharagwe mabovu, akawatupia kuku. "Na kwa nini mimi? Subukia yote hii."

"Wengine hawanijibu," akasema Daktari. "Na wewe ndiye uliyeniuliza swali."

Mama mzee akakung'uta mikono. Kisha akaelekeza kidole upande wa juu wa shamba, kwenye mteremko usio na mti hata mmoja. "Panda pale, kwenye upepo. Usinipandie nyuma ya nyumba pahali pamejificha. Ikianguka, ianguke nikiona."

Kuanzia hapo Daktari alikuwa Subukia kila Jumamosi. Rasmi alienda kupima kimo cha mimea na kuyasukuma mabua kwa kipimo chetu cha mkono. Lakini kupima kipande kile hakuchukui siku nzima. Nilipoandamana naye niliona yanayobaki: wanawake wawili wajane kibarazani, chai ya maziwa, maharagwe ya kuchambua, na maneno machache. Mama Thuo aliuliza habari za Cheruto kama anayemfahamu. Daktari alijua ng'ombe yupi ana mimba. Siku moja nilimsikia Mama Thuo akimwambia, "Wewe unaongea na mimea sana, kwa sababu haikuulizi umelalaje." Daktari alimimina chai nyingine.

Msimu wa kwanza mahindi yalisimama, lakini upepo haukuwa wa kutisha, na Mama Thuo alikataa kuyasifu. Wa pili hivyo hivyo. "Bado," alisema. "Tungoje ule wenyewe."

Mwaka 2023 alianza kulala hospitalini Nakuru, akitoka na kurudi. Mwezi wa saba Daktari alifika Jumamosi kama kawaida, akakuta hema likisimamishwa uani. Hakuna aliyekuwa na nambari yake ya kumwarifu. Alirudi kwa mazishi siku ya Alhamisi, nami nikaenda naye. Tulikaa viti vya nyuma kabisa. Ratiba ilitaja ukoo, kanisa, chama cha maziwa, majirani. Mama mmoja kando yetu alimuuliza Daktari, "Wewe ni wa upande gani?" Akajibu, "Mimi ni wa mahindi." Yule mama akainamisha kichwa kwa heshima, ingawa nina hakika hakuelewa. Thuo, mwanawe mkubwa, ambaye wakati huo hakuishi pale, alitupita mara mbili akihudumia wageni. Kwake nadhani tulikuwa watu wa serikali.

Upepo wenyewe ulikuja wiki iliyofuata.

Tuliusikia hata Bahati. Uling'oa mabati ya banda la trekta. Asubuhi Daktari hakunisubiri nimalize chai. Njia nzima ya kushukia Subukia tulipita mashamba yaliyolala, ya mbegu za kila aina, na yeye alitazama mbele tu. Tulipofika alishuka kabla sijazima gari, akapanda mteremko akiteleza kwenye tope.

Yalikuwa yamesimama. Majani yalichanika kama matambara, mistari ya juu iliinama kidogo, lakini mabua yalikuwa yamesimama. Alipita mstari wa kwanza akigusa kila bua kwa chini, kwenye zile pingili. Akapita wa pili. Kisha akatoa simu, akampigia Wanyonyi huko Kitale, aliyekwisha kustaafu. Aliweka spika kwa sababu mikono ilikuwa na tope.

"Imesimama," akasema.

"Nini?"

"Ya Subukia. Upepo umepita na imesimama."

"Yote?"

"Yote, Wanyonyi. Imeinama kidogo huku juu. Lakini yote."

Tukasikia kuku wakilia upande wa pili, na mzee akivuta pumzi. "Mungu ni mwema, Daktari. Mungu ni mwema sana. Sasa Mama Thuo anasemaje?"

Daktari alitazama chini kwenye ile nyumba. Kibarazani hapakuwa na mtu.

"Tulimzika Alhamisi iliyopita," akasema.

Wanyonyi alisema pole. Akasema pole tena. Daktari akamshukuru, akaitia simu mfukoni bila kuikata, akaendelea na mstari wa tatu. Mimi nilibaki chini na daftari la vipimo. Hakuniita, nami sikuona kama ni mahali pa kumfuata.

Mbegu ile ilipitishwa mwaka huu na sasa inauzwa kwa nambari, kama mbegu zote. Wakulima wa bonde wanaipanda, mabua yanasimama na ng'ombe wanayala. Kwenye uzinduzi uliofanyika hapa kituoni mwezi wa tisa kulikuwa na muziki na wageni wa heshima, na jina la Daktari lilitajwa katikati ya majina mengine, kwa usahihi. Yeye alikaa mpaka baada ya maombi. Ilipofika saa ya picha ya pamoja kiti chake kilikuwa kitupu, na mkurugenzi akanituma nimtafute.

Nilijua pa kumpata. Nilipofika Subukia, Thuo alikuwa akikatakata mabua ya mavuno ya kwanza na kuwatupia ng'ombe. Daktari alikuwa amesimama kando ya zizi, na nguo zake za sherehe, akiwatazama wanavyokula. Baada ya muda Thuo aliweka panga chini, akaingia nyumbani, akatoka na kile kiti cha mbao cha mamake, kile cha kibarazani. Akakifuta kwa mkono, akakiweka nyuma ya Daktari. Kisha akachukua ndoo akaenda kukamua.

Daktari akakaa. Nilimwona akiinamisha kichwa, mabega yakitikisika, na ng'ombe mmoja akanyoosha shingo kumnusa begani. Sikushuka garini. Picha ya uzinduzi ilipigwa bila sisi wawili.

Sasa anarudi Elburgon, kwenye kipande alichoachiwa na Mzee Kiprugut. Nyumba imefungwa miaka mingi, na majirani aliokua nao wengi wamehama viwanda vilipofungwa. Cheruto alimtaka aende Australia. Nilimuuliza kwa nini amekataa, akasema huko hajui jina la mti hata mmoja. Cheruto atakuja Desemba kukaa naye wiki chache. Baada ya hapo hakusema kutakuwa na nini, na mimi sikuuliza, ila nimeandika nambari yake ya simu kwenye ubao wa kantini, kwa herufi kubwa, na nawaomba msiifute.

Dkt. Jemutai, kwa niaba ya wote wa kituo hiki, wakiwemo wale walioondoka, asante kwa mbegu, na asante kwa neno ulilolisema kanisani Subukia wakati kunyamaza kungekuwa rahisi. Wiki hii meza yako ya kantini imekaliwa na watu sita, na tumebanana. Nenda vyema, Mama. Mungu akupe afya, akupe mvua kwa wakati wake, na akupe wageni wengi kuliko vikombe.